Namba 2 aliyewahi, namba 48 aliyekawia

Usiku wa kuamkia Juni 26, 2009 wapo watu Dar es Salaam waliokesha. Hapakuwa na msiba wala mechi ya Simba na Yanga. New York ilikuwa bado jioni ya tarehe 25, na David Stern, kamishna wa ligi wakati ule, alikuwa ameshapanda jukwaani pale Madison Square Garden kusoma majina ya drafti ya NBA, zoezi la kila mwaka ambalo klabu za ligi hiyo ya kikapu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. La kwanza, Blake Griffin, halikumshangaza mtu. La pili ndilo lililotuweka macho saa nane na ushei usiku: Memphis Grizzlies wanamchukua Hasheem Thabeet wa Chuo Kikuu cha Connecticut, mzaliwa wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3. James Harden alisomwa baada yake. Stephen Curry alisomwa wa saba.

Mizaha yote inayoweza kutungwa juu ya mpangilio huo nimeshaisikia, mingine vijiweni, mingine kwenye simu, na sitaongeza wa kwangu. Mimi kilichonikaa miaka yote hii si Harden wala Curry. Ni mtu ambaye usiku ule hakutajwa kabisa, kwa sababu jina lake lilikuwa limeshasomwa miaka miwili nyuma, kule mwishoni mwishoni ambako watazamaji wengi wanakuwa wameshazima televisheni. Marc Gasol, namba 48, drafti ya 2007, Los Angeles Lakers.

Lakers walimchukua na wakamwacha palepale walipomkuta, Girona, mji wa kaskazini mashariki mwa Hispania. Februari 2008 walipomtaka kaka yake, Pau, Memphis wakakubali kumtoa, na katika kapu la vitu walivyopewa zikiwemo haki za huyu mdogo mtu. Marekani nzima ilicheka. Klabu imetoa nyota wake ikapokea makombo! Makombo yenyewe wakati huohuo yalikuwa yanaitikisa ligi ya Hispania, na msimu ulipoisha Marc akachaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Alipotua Memphis baadaye mwaka uleule alikuwa na miaka 23, mwili umejaa, medali ya ubingwa wa dunia wa 2006 iko kabatini, na miaka kadhaa ya kugombana na watu wazima chini ya kikapu iko mgongoni.

Kwa hiyo Thabeet alipofika mwaka mmoja baadaye, kiti cha senta, yule mrefu anayelinda chini ya kikapu, kilikuwa na mwenyewe.

Msimu wake wa kwanza alipata wastani wa dakika 13 na pointi 3.1 kwa mchezo. Dakika 13 zenyewe haziji kwa mkupuo. Ni dakika tatu hapa, nne pale, faulo mbili za haraka, rudi benchi, vaa fulana ya joto, kaa. Mwishoni mwa Februari 2010 wakampeleka kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo ya NBA iliyokuwa na makao yake Bismarck, North Dakota. Hajawahi kutokea kabla yake mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile akapelekwa huko. Mtoto wa Dar, Bismarck, Februari. Anayejua baridi ya majimbo yale ataelewa kwa nini nasema hata hali ya hewa ilikuwa inamsema.

Mwaka uliofuata akauzwa Houston, kisha Portland, kisha akasaini Oklahoma City. Michezo 224 kwa jumla, wastani wa pointi 2.2. Hesabu ikafungwa.

Hapa kwetu maelezo ya kisa hiki ni mawili, na yote mawili siyakubali. La kwanza linasema hakujituma. Watu wanaolisema wengi hawakuwahi kumwona akifanya mazoezi hata siku moja. La pili lina huruma zaidi: aliharakishwa, angekaa Ulaya kwanza miaka miwili mitatu kama Gasol angekomaa. Hili linapendeza masikioni, na ndilo linalorudiwa kila mwaka Juni ikifika, drafti inaposomwa na klabu fulani ikachukua kijana wa Belgrade au Badalona na kutangaza kwamba itamwacha huko “apate uzoefu”. Kawia ufike, wanasema. Wahenga hawakutuambia unakawia wapi, na kwa gharama ya nani.

Kabla ya kugawa pongezi tuangalie utaratibu wenyewe unavyokwenda. Klabu ya NBA ikishamchagua mchezaji, inapata haki ya kuwa klabu pekee ya ligi hiyo inayoweza kumsajili. Haki hiyo haifi kwa sababu mchezaji amebaki nje. Akiwa na mkataba na klabu ya Hispania, Uturuki au Serbia, jina lake linabaki kwenye daftari la klabu iliyomchagua, mwaka baada ya mwaka. Ni kama amana. Umeweka mali kwa jirani, jirani anailisha, anaitibu, anailipia, na siku ukiihitaji unaifuata. Tofauti ni kwamba mali hii ina mama, ina wakala, na wakati mwingine ina maoni yake.

Faida kwa klabu iko wazi. Kikosi cha NBA kina nafasi 15 za mikataba ya kawaida, na kijana wa miaka 19 ambaye hayuko tayari anakula nafasi moja. Mshahara wake unahesabiwa kwenye ukomo wa mishahara ya ligi. Ukimwacha nje, nafasi iko wazi na bajeti imepumua. Ndiyo maana klabu zenye majina mengi yaliyokaa ng'ambo mara nyingi ni zile ambazo msimu huo hazikuwa na pa kuwaweka. “Kukomaa” ni neno la mkutano na waandishi wa habari. Ofisini neno ni nafasi.

Haki hizo pia zinauzika. NBA inataka kila upande katika mabadilishano utoe kitu, hata kama ni kitu cha kutimiza sharti tu, na jina la mtu anayecheza Ugiriki ambaye kila mmoja anajua hatakuja linatosha kabisa kuwa hicho kitu. Hivyo kuna wanaume wazima wenye watoto wanaoamka asubuhi wakasoma kwamba “wamehama” kutoka jiji moja la Marekani ambalo hawajawahi kulala kwenda jiji jingine ambalo hawatawahi kulala. Vasilije Micić alichaguliwa namba 52 na Philadelphia mwaka 2014. Haki zake zikaja kuhamia Oklahoma City wakati yeye yuko Istanbul na Anadolu Efes, ambako alichukua ubingwa wa Euroligi, mashindano makubwa ya vilabu vya kikapu Ulaya, mara mbili mfululizo, 2021 na 2022. Alivuka bahari mwaka 2023, akiwa na miaka 29. Miaka tisa. Februari iliyofuata Oklahoma City wakamuuza Charlotte.

Upande wa mchezaji, mambo yanategemea alichaguliwa raundi gani kati ya mbili za drafti. Tangu 1995 mishahara ya wachezaji wa raundi ya kwanza imewekwa kwenye jedwali: namba yako ndiyo mshahara wako, na mazungumzo yanakuwa machache. (Mwaka mmoja kabla ya hapo Glenn Robinson, chaguo la kwanza, alikuwa amegoma akitaka dola milioni 100 kabla hajacheza hata dakika moja. Akapewa 68. Wenye klabu wakasema basi.) Raundi ya pili haina jedwali. Na wa raundi ya kwanza naye ana mlango wa uani: akikaa nje misimu mitatu, jedwali halimbani tena. Nikola Mirotić, namba 23 wa 2011, alibaki Real Madrid mpaka 2014, miaka mitatu kamili, ndipo akasaini Chicago kwa zaidi ya dola milioni 16 kwa miaka 3. Bogdan Bogdanović alichaguliwa namba 27 mwaka 2014, akahamia Fenerbahçe ya Istanbul, akachukua Euroligi 2017, akaenda Sacramento majira yaleyale kwa milioni 27 za miaka 3. Hao hawakusubiri kwa sababu hawajaiva. Walikuwa wanahesabu kalenda.

Turudi usiku ule wa 2009, maana drafti ile ni darasa zima. Nafasi tatu chini ya Thabeet, Minnesota walimchukua Ricky Rubio, miaka 18, kutoka Joventut ya Badalona. Huyu alikuwa amecheza ligi kuu ya Hispania tangu ana miaka 14, na mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 17, alicheza fainali ya Olimpiki Beijing dhidi ya Marekani. Kama kuna kijana aliyekuwa ameshakomaa, ni yeye. Akabaki Hispania miaka miwili mingine. Kwa nini? Mkataba. Fidia ya kuuvunja ilikuwa mamilioni ya dola, na sheria za NBA wakati ule ziliiruhusu klabu kuchangia laki tano tu. Zilizobaki ni za kijana mwenyewe. Barcelona wakalipa wao, wakamchukua, wakashinda naye Euroligi ya 2010. Minnesota wakakaa kusubiri mpaka 2011, na huku wakisubiri wakamwangalia Curry, yule waliyempita mara mbili, maana namba 6 pia ilikuwa yao na walimchukua Jonny Flynn, akipiga mitupo kule California.

Ukishuka hadi namba 34 unamkuta Sergio Llull. Denver walimchagua, Houston wakazinunua haki zake kwa dola milioni 2.25, bei ambayo haikuwahi kulipwa kwa chaguo la raundi ya pili mpaka siku ile. Houston wakamwita, wakamwita tena, na mwaka 2015 alipokuwa na kila sababu ya kwenda akaongeza mkataba na Real Madrid. Mei 2023, Kaunas, fainali ya Euroligi dhidi ya Olympiacos, Madrid wako nyuma kwa pointi moja na zimebaki sekunde chache. Llull, miaka 35, akaruka na kurusha juu ya mikono ya mtu mrefu kuliko yeye. 79 kwa 78. Bado alikuwa mali ya NBA kwenye makaratasi. Nampenda Llull kwa sababu ndiye anayenikumbusha kwamba sentensi “kabla hajajiunga na ligi” ina kiburi ndani yake, kama vile kila barabara duniani lazima iishie Marekani na kila anayecheza kwingine yuko kwenye chumba cha kusubiria.

Na wa mwisho wa raundi ya kwanza usiku ule, namba 30, alikuwa Christian Eyenga, mzaliwa wa Kinshasa, jina ambalo mashabiki wengi wa Cleveland walikuwa hawajawahi kulisikia. Alikuwa ametoka kucheza daraja la chini Hispania. Cleveland wakamwacha Joventut mwaka mmoja. Alipovuka 2010, LeBron James alikuwa ameshaondoka, na Eyenga akaingia kwenye timu iliyopoteza michezo 26 mfululizo. Miaka miwili baadaye naye alikuwa nje ya NBA, amerudi kuzunguka dunia na mpira wake.

Kwa hiyo tuna wawili waliosubiri ng'ambo wakafaulu, mmoja aliyesubiri asifaulu, mmoja aliyekataa kwenda, na mmoja aliyekwenda moja kwa moja akazama. Ukitaka kuthibitisha kwamba Ulaya inakomaza, utachagua Gasol. Ukitaka kuthibitisha kwamba haisaidii kitu, utachagua Eyenga. Na orodha ya waliosahaulika ni ndefu kuliko ya wanaokumbukwa. Hakuna anayekesha kusimulia habari za Fran Vázquez, namba 11 wa 2005, ambaye Orlando walimsubiri mpaka wakachoka na hakuvuka kamwe.

Mimi nadhani swali limewekwa vibaya. Tunauliza wapi, Ulaya au Marekani, wakati tungeuliza kufungwa kunamgharimu nini kijana huyo na wenzake.

Aliyewahi kusubiri zamu pembeni ya kiwanja cha Don Bosco Upanga jioni ya Jumamosi ananielewa. Mshindi anabaki, aliyefungwa anatoka. Pembeni kuna timu tatu zinangoja, jua linazama, na ukitoka huenda usirudi tena siku hiyo. Mimi nilikuwa mtupaji mbovu sana, na sikuwa na kimo cha kujivunia. Lakini pale nilijifunza kumkinga mwenzangu apite, kurudi nyuma kukaba, kumpigia kelele jamaa aliyelala, vitu ambavyo kwenye mazoezi ya shule nilivisikia mwaka mzima bila kuvifanya. Hakuna aliyenifundisha. Niliogopa kukaa pembeni tu.

Ligi ya Hispania ni kiwanja hicho kwa kiwango kikubwa, chenye mishahara na televisheni. Timu mbili za mwisho zinashuka daraja. Zikishuka, wadhamini wanakimbia, watu wanapoteza kazi, mji mdogo unanuna mwaka mzima. Serge Ibaka, mtoto wa Brazzaville, alichaguliwa namba 24 mwaka 2008 na Seattle, klabu iliyohamia Oklahoma City siku chache baadaye. Wakamwacha Hispania, Manresa, mji wa Katalunya ambao bila kikapu wengi wetu tusingeujua. Alikuwa na miaka 18. Kocha wa Manresa hakuwa na haja ya kumlea Ibaka kwa ajili ya Oklahoma City. Alikuwa na haja ya ribaundi, mpira uliokosa kikapu udakwe, Jumapili ile. Akikosea kukaba, mzee wa miaka 33 aliyekuwa anadaiwa nyumba angemwonyesha kosa lake kwa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani. Mwaka mmoja tu wa namna hiyo. Alipofika Oklahoma City 2009 alikuwa anacheza tangu msimu wa kwanza, na miaka mitatu baadaye alikuwa fainali za NBA. Thabeet alipokuja kutua klabu hiyo hiyo, mkabaji aliyekuwa amejenga jina pale chini ya kikapu ni Ibaka.

Naona nimesema hivi mara ya pili. Memphis alimkuta Gasol wa Girona. Oklahoma City alimkuta Ibaka wa Manresa. Namba 48 na namba 24 walikuwa wamekaa mbele ya namba 2, na wote wawili walipitia kwenye vilabu ambavyo havikuwa na anasa ya kumsubiri mtu.

Nikola Jokić ni kisa kingine cha aina hii, ingawa kimesimuliwa mpaka kimechakaa: namba 41, 2014, jina lake likapita kwenye televisheni ya Marekani wakati wanaonyesha tangazo la migahawa ya Taco Bell. Kinachosahaulika ni mwaka uliofuata. Denver hawakumwita. Alibaki Mega, klabu ya Serbia isiyo na mashabiki wa kuwatisha watu, ambayo kazi yake kubwa ni kuwakuza vijana na kuwauza. Mega walimpa mpira. Wakamwacha akosee na mpira uleule. Mwisho wa msimu akawa mchezaji bora wa Ligi ya Adriatiki, ligi ya vilabu vya nchi za Balkani, akapanda ndege. Angekwenda klabu kubwa ya Euroligi mwaka ule, huenda angekaa benchi nyuma ya mtu mwenye mshahara mkubwa, na tungesema Ulaya haikumsaidia. Ulaya ni ileile.

Kuna anayenivurugia hesabu, nimtaje mwenyewe kabla msomaji hajanitupia. Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani. Alikuwa Fuenlabrada, Hispania, miaka 18, anaanza tu kuonekana, alipokwenda Portland Aprili 2011 kwenye mchezo wa vijana wa dunia dhidi ya Marekani akapata pointi 12, ribaundi 11 na kubloku mitupo 10. Juni akawa namba 7. Hakusubiri. Fuenlabrada walidai mkataba wao, mvutano ukaenda mpaka Desemba, akavuka hivyohivyo. Timu yake, Charlotte, ilishinda michezo 7 na kupoteza 59, asilimia mbovu kuliko zote katika historia ya ligi. Kwa nadharia yangu hiyo ilikuwa sumu: timu ambayo kufungwa hakumsumbui mtu, ambayo kila kipigo kinaisogeza karibu na chaguo zuri la drafti ijayo. Biyombo akadumu NBA zaidi ya miaka 10. Alipewa dakika, kazi yake ilikuwa moja na aliijua: zuia, ruka, kaba. Basi huenda dakika zenyewe zinatosha kwa mtu anayeombwa kitu kimoja tu. Naliacha hapo kwa sasa.

Sasa, je, Thabeet angeweza kukaa ng'ambo? Hapa ndipo huruma ya vijiweni inapogonga ukuta. Namba 2 ya 2009 ilikuwa na zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka wa kwanza pekee. Klabu gani ya Ulaya ingempa senta asiyejaribiwa fedha za namna hiyo? Na mtu aliyeanza kushika mpira akiwa kijana wa sekondari, aliyeondoka nyumbani bila kujua kama ataweza kurudi na kitu, nani angemshauri aziache mezani akajifunze kukaba Manresa kwa sehemu ndogo ya mshahara huo? Mimi nisingemshauri. Ningembebea begi mpaka uwanja wa ndege.

Kosa, kama lipo, lilikuwa la Memphis. Walikuwa na senta wa miaka 24 aliyekuwa anazidi kuimarika, wakatumia chaguo la pili la dunia kuchukua senta mwingine ambaye anahitaji kucheza ili ajifunze, kisha hawakumpa pa kuchezea. Namba 2 haina haki ya kuwa mbovu kwa muda. Namba 48 anaweza kuwa mbovu miaka miwili Girona bila mtu hata mmoja wa Memphis kujua. Darko Milicić wa Serbia aliyapata hayohayo Detroit mwaka 2003, naye namba 2, naye moja kwa moja, naye alikalishwa benchi nyuma ya timu iliyokwenda kuchukua ubingwa. Kadiri namba yako inavyopanda ndivyo kificho kinavyopungua.

Kificho chenyewe kinakaribia kwisha hata kwa wa chini. Tangu msimu wa 2017-18 kuna mkataba wa pande mbili: mchezaji anagawana msimu kati ya klabu ya NBA na timu yake ya ligi ndogo, na hahesabiwi katika wale 15. Zamani kila klabu ilikuwa na nafasi mbili za namna hiyo, tangu 2023 ni tatu. Kwa hiyo yule ambaye zamani angeachwa Ulaya kwa kukosa nafasi sasa nafasi anayo. Angalia namba 57. Mwaka 1999 San Antonio waliitumia kumchukua Manu Ginóbili, wakamwacha Italia, akashinda Euroligi na Bologna 2001, akaja 2002, akachukua ubingwa wa NBA mara nne. Mwaka 2024 namba ileile ilikuwa ya Ulrich Chomche, Mkameruni wa miaka 18 aliyekuwa ametoka kucheza BAL, ligi ya kikapu ya vilabu vya Afrika, na APR ya Rwanda, mchezaji wa kwanza kuchaguliwa moja kwa moja kutoka kituo cha NBA kilichopo Saly, Senegal. Toronto hawakumwacha Kigali wala hawakumtafutia klabu Italia. Wakampa mkataba wa pande mbili mwezi uliofuata.

Na upande wa pili vyuo vya Marekani vimefungua pochi. Tangu 2021 mwanafunzi anaweza kulipwa kwa jina na sura yake, na tangu 2025 chuo chenyewe kinaweza kumgawia mapato. Vijana wa Ulaya ambao miaka kumi iliyopita wangebaki Ljubljana au Vilnius sasa wanapanda ndege wakiwa na miaka 18 kwenda Utah na Illinois, na vilabu vyao vinalia. Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Uganda, alicheza BAL na City Oilers ya Kampala, akaenda Chuo Kikuu cha Duke mwaka mmoja, na Juni 2025 akawa namba 10. Njia ya Ibaka, ile ya kupitia miji midogo ya Katalunya, inaota nyasi.

Sina hakika kama ni hasara kwa vijana wetu. Fedha zinakuja mapema, na familia nyingi za huku haziwezi kula “uzoefu”. Lakini nimeangalia michezo ya ligi ndogo ya NBA mingi kuliko inavyonifaa, na sijawahi kumwona mtu akilia baada ya kufungwa. Kila mmoja pale anacheza kwa ajili ya takwimu zake na simu ya wakala wake. Hakuna anayeshuka daraja. Hakuna mzee anayedaiwa nyumba.

Klabu ile ya Girona iliyomlea Gasol ilizama kwenye madeni mwaka uleule alioondoka, ikatoka ligi kuu. Mwaka 2014 yeye akaanzisha klabu mpya katika mji huo, na baada ya kuondoka Marekani alirudi kuichezea. Juni 2022 ikapanda ligi kuu, na rais wa klabu ndiye aliyekuwa anacheza senta.

Thabeet naye alifika ng'ambo, ila safari yake ilianzia mwisho. Baada ya NBA alikwenda Yokohama, Japani, mwaka 2017. Kisha Hsinchu, Taiwan. Alipoanza msimu wake wa kwanza huko, Desemba 2020, alikuwa na miaka 33.